Hayupo, Nipo Mimi Baba Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikijua kwamba nilipaswa kuuomba miaka miwili iliyopita, na kwamba wengi wanaokuandikia wameumizwa na watu ilhali mimi ndiye niliyeumiza, lakini sina mwingine wa kumweleza, kwa sababu mtu niliyekuwa namweleza mambo yangu ni baba, na baba siku hizi hanisemeshi zaidi ya "chai ipo" na "funga mlango ukitoka".

Nina miaka ishirini na mbili, nasoma shahada ya sheria, mwaka wa pili unaelekea kuisha, na ninasoma kwa masafa, yaani chuo kiko upande mwingine wa mji, mabasi mawili kutoka kwetu, na darasa langu mimi ni kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya sebuleni, na sebule yenyewe ndiyo karakana ya baba, maana baba ni fundi cherehani, anashona sare za shule na kurekebisha nguo za watu, mama alitutangulia nikiwa sekondari, tumebaki wawili. Barua ya kuchaguliwa ilipokuja baba aliisoma kwa sauti mpaka kinyozi wa jirani akaacha kichwa cha mtu nusu akaja kumpa mkono, na alipofika kwenye maneno "kwa njia ya masafa" akasimama, akaniuliza, "Masafa ndiyo nini, mwanangu, ndiyo kitivo chenyewe?" na mimi nilikuwa nimeshajua maana yake, lakini kwa aibu nikamwambia ndiyo baba, ni kitivo. Huo ndio uongo wa kwanza. Baadaye kompyuta ilipoanza kuongea mle ndani nikamwambia masomo mengine ni ya hapa na mengine ni ya kule chuoni, akakubali, baba hana tabia ya kumhoji mtu aliyemzidi kusoma.

Mshauri, pengine hujui aibu ya kusoma chuo kisicho na geti. Wenzangu walibeba magodoro na ndoo wakaenda bwenini, mimi nikabaki napiga deki sebule ileile niliyojifunzia kutembea, na kila anayeingia kupimwa suruali ananikuta, "Kumbe hujaenda chuo?" nikisema niko darasani anaangalia huku na huku analitafuta darasa, na shangazi yangu akiwa na safari zake ananiletea mtoto, "Wewe si upo tu nyumbani." Hata sisi wenyewe tulijidharau, grupu letu la darasa linaitwa Wahitimu wa Sebuleni, tulikuwa tunasema shahada yetu ni ya bando, bando likiisha na usomi umekwisha, mwalimu akiingia robo saa nzima ni "mnanisikia? mnanisikia?" kisha anatusomea maandishi ambayo alishatutumia jana yake, na wanafunzi sitini wote wamezima kamera, mmoja yuko dukani anauza, mwingine amelala, mwingine yuko kwenye basi, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kila mmoja wetu aliamini kimoyomoyo kwamba hiki si chuo, ni kitu cha kuvumilia mpaka cheti kitoke.

Mahudhurio yetu yanachukuliwa kwa neno moja. Mwalimu akisema "mahudhurio", kila mtu anaandika "Nipo" pale pembeni ya skrini, mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, na hizo nipo zina alama zake. Kiranja wetu akapanga zamu, mtu mmoja anaingia kwa akaunti za watu watano anawaandikia nipo wote, na mimi sikuhitaji zamu kwa sababu nilikuwa na baba.

Hapa ndipo naona haya kuendelea. Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, yeye yuko bwenini pale chuoni, na siku moja nilimtembelea nikakaa naye kantini, vijana wa mezani wakaniuliza nasoma nini, nikasema sheria mwaka wa kwanza, wakasema mbona hatukuoni darasani, nikasema niko mkondo mwingine, wakanisogezea kiti. Mshauri, kile kiti ndicho kilichonimaliza. Nikaanza kwenda kila siku ya kipindi, vipindi vyetu ni saa nane mpaka saa kumi, Jumatatu hadi Alhamisi, navaa vizuri, nabeba faili tupu kifuani, nakaa kantini na wanafunzi wa kweli nacheka vichekesho vya walimu ambao hawajawahi kunifundisha. Na baba nikamwambia vipindi vimegongana, cha hapa na cha kule vyote ni saa nane, kwa hiyo anishikie nafasi, nikamfundisha, "Baba, ukisikia mwalimu anasema mahudhurio, andika N, I, P, O, halafu bonyeza hapa," akajaribu kwa kidole kimoja, kidole chenye kastabini, tukacheka.

Kumbe mimi nilidhani atakuwa anasubiri lile neno tu. Baba alikuwa anakaa. Nilimkuta siku moja nilipowahi kurudi, cherehani imefunikwa, amevuta kigoda mbele ya kompyuta, anapiga pindo kwa mkono ili mlio wa mashine usimfunike mwalimu, nikamwambia baba si lazima usikilize, akanijibu, "Mgeni haachwi sebuleni aongee na ukuta, ni utovu wa adabu." Basi ikawa hivyo kwa miaka miwili, kazi za mashine zote akazisukuma mpaka baada ya saa kumi, wateja wakalalamika nguo zinachelewa, na wao wakaanza kumwita Wakili, kwa sababu mtu akisema "nitakuja kuichukua Jumatano" anamjibu, "Hilo ni pendekezo, mimi sijalikubali bado," na mimi nilikuwa nacheka nao, nilimsimulia hata kantini, nikamfanya kichekesho bila kusema ni baba yangu, nikasema ni fundi mmoja wa mtaani kwetu.

Muhula huu tuna Sheria ya Mikataba, na mwalimu wake ni mama mmoja mkali asiyesoma maandishi, anafundisha kwelikweli. Wiki tatu zilizopita alikuwa anafundisha kauli ya uongo, yaani mtu akikuambia jambo lisilo kweli ili uingie naye mkataba, na akatoa mfano, akasema, kama mtu anayeandika hapa "nipo" na hayupo, hiyo nayo ni kauli ya uongo, mnacheka lakini mnajijua. Haya nimeyasikia baadaye, kwa sababu wakati huo mimi nilikuwa kantini. Baba alikuwa kwenye kigoda chake. Saa kumi kasoro mwalimu akasema mahudhurio, nipo zikamiminika, na kwenye jina langu baba akaandika, kwa kidole kimoja, mbele ya watu sitini na mwalimu wao: "Hayupo. Nipo mimi baba yake, fundi."

Picha ya yale maneno ilinifikia kwenye simu kabla sijamaliza soda. Grupu lote lilikuwa linacheka, wakanibatiza hapohapo jina la Hayupo, na ndilo ninalotumia kukuandikia maana sasa nimelizoea. Nilirudi nyumbani, baba akanipokea mlangoni ana furaha, ana furaha mshauri, akasema, "Mwanangu, leo mwalimu kafundisha jambo kubwa, nikaona tumemkosea, nikamwambia ukweli. Akijua uko kwenye kipindi kingine atakuelewa tu." Na mimi nikapayuka, "Hakuna kipindi kingine! Hakijawahi kuwepo! Umeniharibia maisha, mtu wa darasa la nne unaandika nini kwenye darasa la wasomi?" Alivua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akaukunja polepole, akauweka kwenye droo, akaniuliza kama nimekula.

Tangu siku hiyo ikifika saa nane kasoro baba anainuka, anatoka nje, anasimama kwenye kibaraza cha kinyozi mikono nyuma mpaka saa kumi, ili asisikie. Mimi sasa ndiye ninayekaa mbele ya kompyuta, na sielewi kitu, mshauri, miaka miwili imepita nje ya masikio yangu, mwalimu akisema "kama mnavyokumbuka" mimi sina la kukumbuka, mitihani ya nyuma niliivuka kwa kukariri maandishi tuliyotumiwa, na ya sasa ni baada ya majuma matatu.

Kamati ya nidhamu imeniita Ijumaa hii. Shtaka ni kuwakilishwa darasani na mtu mwingine, na adhabu yake ni kufukuzwa, au kwa huruma kufutiwa miaka yote miwili. Kiranja akaja mpaka nyumbani, anaogopa nitataja zamu zake, akaniambia, "Mtupie mzee. Sema aliingia kwenye akaunti bila wewe kujua. Mzee hafukuzwi chuo." Nikaandika. Niliandika barua kwa kamati, kwamba mzazi wangu alitumia akaunti yangu siku ile moja bila idhini wala ufahamu wangu, na kwamba ni mtu asiyeelewa mambo ya chuo, na chini nikaacha nafasi ya saini yake athibitishe. Nikampelekea. Baba akavaa miwani, akasogea dirishani, akaisoma yote kwa kufuatisha kidole, mstari kwa mstari, akasema, "Hii ni kauli ya uongo." Nikadhani ataichana, na Mungu anisamehe, nilitamani aichane. Akauliza, "Saini niweke wapi?"

Akaweka. Mimi nikaenda kutafuta bahasha kwenye droo yake nikakutana na daftari la vipimo, lile la wateja, mbele kuna vifua na viuno na urefu wa mikono ya mtaa mzima, nikaligeuza, na kuanzia nyuma kuna maandishi, kila ukurasa tarehe, na juu yake "Somo la binti". Miaka miwili. Kila kipindi nilichokuwa kantini kimo mle, maneno ya kigeni ameyaandika kama alivyoyasikia, mahali pengine ameandika "hapa mtandao ulikatika", na mahali pengine "hapa aliingia mteja, samahani mwanangu". Ukurasa wa mwisho ni wa siku ile, umeandikwa hivi: "Mkataba uliojengwa juu ya kauli ya uongo haufi wenyewe. Aliyedanganywa ndiye mwenye hiari. Akitaka anauvunja, akitaka anaushika." Baada ya hapo hakuna kitu, ni kurasa nyeupe.

Mshauri, ile barua iko kwenye mkoba wangu, imesainiwa. Nikiipeleka nitabaki chuoni, lakini naona sitabaki kwetu hata nikilala humo kila siku. Nisipoipeleka nimefukuzwa, na jasho lote la baba limekwenda na maji, na yeye mwenyewe amenipa saini yake kwa mkono wake, labda ndivyo anavyotaka, labda nikikataa namkosea mara ya pili. Siwezi kula, siwezi kusoma lile daftari zaidi ya ukurasa mmoja kwa siku. Nisamehe kwa maneno mengi. Niambie nifanye nini.

Ni mimi, Hayupo.

*

MSHAURI ANAJIBU

Sitakuita jina hilo. Nitakuita mwanangu, na uvumilie, maana yanayofuata si matamu.

Barua yako imenifikia Alhamisi jioni, na gazeti hili hutoka Jumapili. Unaposoma hapa, Ijumaa yako imeshapita. Ungeniachia namba ya simu ningekupigia usiku uleule, lakini umeniandikia kama ulivyosoma: umetuma neno, mwenyewe umejificha. Kwa hiyo sijui ninaongea na nani. Sijui kama ni binti aliyeitoa ile barua mkobani au ni yule aliyeiacha humo. Nitawajibu wote wawili.

Kwanza nikupe haki yako. Aibu uliyoisema naijua. Mimi nilisoma kwa posta, enzi ambazo masafa yalikuwa bahasha ya kahawia inayokaa njiani miezi miwili, na mama mkwe wangu aliwaambia wageni kuwa ninaandikiana na mwanamume. Najua maana ya kusoma mahali ambapo kila mtu anakuona umekaa bure. "Upo tu nyumbani" ni neno linaloua wanafunzi wengi kuliko mitihani. Na chuo chako nacho kisijione kimepona: mwalimu anayewasomea watu maandishi waliyokwisha kuwa nayo, na ofisi inayotoa alama kwa kuhesabu neno nipo bila kujali nani ameelewa, wamewafundisha uongo kabla ya sheria. Hayo yaseme kwa sauti, siku ukipata mahali pa kuyasemea. Lakini usiyafanye mwavuli. Si chuo kilichokupeleka kantini, mwanangu, ni kiti. Ulitaka kuonekana unasoma kuliko ulivyotaka kusoma.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja na sijakiona. Umeniomba mimi msamaha. Umemtaja Mungu akusamehe. Baba yako je? Ulimwambia amekuharibia maisha, ulimwambia darasa la nne, ulimpelekea karatasi asaini. Hakuna mahali ulipoandika, "Nilimwambia baba nisamehe." Kurasa zote zile! Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yako ilikuwa ya miaka miwili kwa sababu kulikuwa na mzee mmoja anakufagilia njia.

Sasa sikia. Unasema labda kuitumia ile saini ndivyo anavyotaka. Unanishangaza. Daftari umelifungua, ukurasa umenakili kwa mkono wako, na bado hujausoma. Amekuandikia: aliyedanganywa ndiye mwenye hiari, akitaka anauvunja, akitaka anaushika. Nani aliyedanganywa katika nyumba yenu? Si chuo peke yake. Wewe ulimdanganya fundi tangu siku ya barua ya kuchaguliwa. Siku ile dirishani alikuwa na kalamu mkononi na hiari yote ilikuwa yake. Angeweza kuuvunja. Alijua ni uongo, akakuambia ni uongo, na akauliza saini iwekwe wapi. Hakuwa anasaini kwamba yale ni kweli. Alikuwa anasaini kwamba wewe ni mwanawe. Na wewe ukaenda kutafuta bahasha.

Kama hukuipeleka, ichane leo, mbele yake, na usitoe hotuba. Kama Ijumaa ilikukuta na ujasiri ukawaambia kamati ukweli, basi hukumu itakuja na utaipokea ukiwa umesimama.

Kama uliipeleka, bado kuna Jumatatu. Amka asubuhi, panda mabasi yako mawili unayoyajua vizuri sana, safari hii pita mlango wa ofisi, usipite kantini. Waambie unaiondoa ile taarifa kwa kuwa ni ya uongo. Andika nyingine kwa mkono wako, fupi: kwamba ulimtuma baba yako, kwamba ulimwambia vipindi vimegongana na havikugongana, kwamba yeye hakujua anatumiwa, na kwamba siku alipojua ni kosa alilisema palepale mbele ya darasa zima, jambo ambalo wewe hukuliweza. Weka saini moja tu, yako. Kiranja na zamu zake usimpeleke kama ngao ya kujikingia, ila ukiulizwa, jibu. Usimbebee mtu aliyekuja mpaka nyumbani kwa baba yako kukufundisha kumuuza.

Sitakudanganya kuhusu kitakachotokea, umeshadanganyana na watu vya kutosha. Wanaweza kukufukuza. Nadhani watakufukuza. Wakikuhurumia watakurudisha mwaka wa kwanza, na mitihani ya majuma matatu yajayo nakwambia wazi hutaiweza, kwa hiyo usijipe matumaini ya muujiza. Maji yakimwagika hayazoleki. Wala sikuahidi kwamba baba yako atarudi kuwa yule wa kucheka na kastabini kidoleni. Watu wapole wakivunjika hawapigi kelele, ndiyo maana wanaowavunja huchelewa kujua. Inawezekana ukaishi naye miaka mingi ya "chai ipo".

Rafiki yako wa bwenini mwambie ukweli mwenyewe, na pale kantini ukipita tena, waambie yule fundi wa kichekesho ni nani. Hilo litakuuma kuliko kamati, na ndiyo maana nakutaka ulifanye.

Lile daftari liweke juu ya meza. Lisome kuanzia nyuma, ukurasa wa kwanza, siku ya kwanza, hata kama hakuna tena mtihani unaokusubiri. Mtu amelipia kila mstari kwa kazi aliyoichelewesha. Pale alipoandika mtandao ulikatika, tafuta kilichokatika ukijaze. Maneno aliyoyaandika kama alivyoyasikia usiyasahihishe.

Na kesho, kama bado hawajakufungia akaunti, saa nane kasoro atainuka kwenda kusimama kwenye kibaraza cha kinyozi. Mwache atoke. Washa kompyuta, ngoja mwalimu aanze kuongea, kisha toka umfuate. Usilie pale barabarani, utamwaibisha mbele ya wateja wa watu. Mwombe radhi kwa neno moja, halafu mwambie, "Baba, mgeni yuko peke yake sebuleni."

Asipokuja, usimvute mkono. Rudi ndani wewe, uketi kwenye kigoda chake, mgeni asiongee na ukuta.